Sanaa ya Tendo ya Watu wa Asili wa Amerika Kaskazini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila mara sanaa hii inapozungumzwa mbele ya wasomaji wa Kiswahili, iwe darasani au baada ya kutazama picha za video. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayozua ubishi, na pale jibu moja linapogusa jingine, msomaji anaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Sanaa ya tendo ni nini, na inatofautiana vipi na mchezo wa kuigiza?

Katika mchezo wa kuigiza, mwigizaji huvaa uhusika wa mtu mwingine na kusema maneno aliyoandikiwa, na mtazamaji anajua kwamba aliyekufa jukwaani atainuka na kwenda zake nyumbani. Katika sanaa ya tendo, msanii hutenda jambo lenyewe kwa mwili wake: akisugua lami kwa brashi, lami inasuguliwa kweli, akikaa nje kwenye baridi, baridi inampata. Jukwaa si lazima. Kazi inaweza kufanyika njia panda, kwenye uwanda wa majani, mbele ya kituo cha treni au ndani ya jumba la makumbusho.

Tunatumia jina "sanaa ya tendo" kwa sababu "sanaa za maonyesho" tayari ni jina la jumla linalobeba ngoma, maigizo, sarakasi na muziki. Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi na kiini cha kazi hizi, nalo ni kielelezo, kama kile kinachowekwa mezani mahakamani ili kithibitishe maneno ya shahidi. Wasanii wanaozungumziwa hapa huweka miili yao wenyewe kuwa vielelezo.

"Watu wa asili" ni akina nani hasa?

Ni wale ambao mataifa yao yalikuwapo katika bara la Amerika kabla ya Wazungu kufika, na ambao wangali wanaishi huko. Nchini Canada sheria hutambua makundi matatu, yaani Mataifa ya Kwanza, Wainuit wa kaskazini ya mbali, na Wametis, ambao ni wazao wa watu wa asili na Wazungu. Nchini Marekani serikali kuu inatambua mataifa zaidi ya 570, na kila moja lina jina, lugha na historia yake. Kwa hiyo kusema "utamaduni wa watu wa asili" kana kwamba ni mmoja ni sawa na kumchanganya Mmasai, Mdigo na Mhaya katika kapu moja.

Je, ni sawa kuwaita Wahindi Wekundu?

Hapana, ingawa jina hilo limezoeleka kutokana na sinema za kauboi. Lina makosa mawili ndani yake. La kwanza ni la Christopher Columbus, ambaye alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492 alidhani amefika pande za Bara Hindi. La pili ni la kumpa mtu rangi badala ya jina. Kwa msemaji wa Kiswahili, ambaye Mhindi kwake ni jirani mwenye mababu waliotoka Gujarat au Kutch, jina hilo linapotosha mara mbili. Kilicho bora ni kutaja taifa la mtu: Mcree, Mlakota, Mmohawk. Baadhi ya wasanii hutumia jina hilo la zamani katika vichwa vya kazi zao, lakini hufanya hivyo kwa makusudi, kama inavyoelezwa katika swali linalohusu James Luna.

## Historia iliyo nyuma ya kazi hizi

Kwa nini wasanii hawa hurudi mara nyingi kwenye makumbusho?

Kwa sababu makumbusho yaliwahi kuwatia watu wao ndani, wengine wakiwa wafu na wengine wakiwa hai. Mwaka 1897 mvumbuzi wa nchi za kaskazini Robert Peary aliwaleta New York Wainuit sita kutoka Greenland, na wakawekwa katika jumba la makumbusho ya historia ya viumbe. Wanne walikufa baada ya muda mfupi. Mmoja wao alikuwa Qisuk, baba wa mtoto aliyeitwa Minik. Mtoto huyo alionyeshwa mazishi ya baba yake, kumbe yalikuwa mazishi ya uongo, na mifupa ilibaki mikononi mwa makumbusho. Ilirudishwa Greenland mwaka 1993, miaka mingi baada ya Minik mwenyewe kufariki. Mtu mwingine, Ishi wa taifa la Wayahi, alijitokeza California mwaka 1911 akiwa peke yake, watu wake wakiwa wameangamizwa. Aliishi katika jumba la makumbusho la chuo kikuu huko San Francisco hadi alipokufa mwaka 1916. Ubongo wake ulipelekwa Washington, nao haukurudishwa mpaka mwaka 2000.

Kwa wasomaji wetu wa Congo historia hii iko karibu zaidi. Katika maonyesho makubwa ya St. Louis mwaka 1904, Geronimo, kiongozi wa Waapache aliyekuwa bado mfungwa, aliwekwa atazamwe na umma. Katika maonyesho hayohayo alikuwapo Ota Benga, kijana wa Kimbuti aliyetolewa Congo, ambaye miaka miwili baadaye aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Alijiua mwaka 1916. Ninayataja haya kwa urefu kwa sababu bila kuyajua, mtu anayemwona msanii amelala ndani ya kabati la kioo ataona kituko tu.

Ni kweli kwamba ngoma zao zilipigwa marufuku kwa sheria?

Ni kweli, na katika nchi zote mbili. Canada ilipitisha marufuku ya potlachi mwaka 1884, nayo ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Potlachi ni karamu kubwa ya mataifa ya pwani ya Pasifiki ambamo mwenye shughuli hugawa mali, majina na vyeo hutangazwa, na haki za urithi hushuhudiwa na waalikwa. Kwa maneno mengine, ni sherehe, benki na mahakama kwa pamoja. Mwaka 1921, baada ya potlachi ya Dan Cranmer wa Wakwakwaka'wakw, watu kadhaa walishtakiwa na baadhi wakafungwa, huku vinyago na mavazi yao yakichukuliwa na kutawanywa katika makumbusho. Marufuku iliondolewa mwaka 1951. Sehemu ya vitu hivyo ilirudi, na mwaka 1980 kituo cha U'mista kilifunguliwa huko Alert Bay ili kuvihifadhi.

Nchini Marekani, kanuni za mwaka 1883 zilifanya ngoma kadhaa za ibada kuwa makosa. Hofu ya watawala kwa Ngoma ya Mizimu, ibada ya ngoma iliyotazamia wafu na nyati warudi, ndiyo iliyotangulia mauaji ya Wounded Knee ya tarehe 29 Desemba 1890, ambako mamia ya Walakota, wakiwamo wanawake na watoto wengi, waliuawa na wanajeshi. Hapa pana jambo ambalo wasanii wa leo hawalisahau: mwaka uleule wa 1883 ndipo Buffalo Bill, Mmarekani aliyewahi kuwa mwindaji wa nyati, alipoanzisha maonyesho yake ya kuzunguka, ambamo watu wa asili walilipwa ili wacheze na kushindwa vita mbele ya watazamaji. Ngoma iliyokuwa kosa ikichezwa nyumbani kwa ajili ya mizimu ilikuwa halali ikichezwa uwanjani kwa tiketi.

Shule za bweni zinaingiaje katika sanaa hii?

Zinaingia karibu kila mahali. Watoto zaidi ya 150,000 nchini Canada walipitia shule zilizoendeshwa na serikali pamoja na makanisa, ambako walikatwa nywele, walikatazwa kusema lugha za mama zao, na wavulana na wasichana, hata ndugu wa tumbo moja, walitenganishwa. Za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015. Msanii anayefunga nywele, anayevaa nguo isiyo ya "jinsia yake", au anayesema lugha yake kwa sauti kubwa mahali pa umma, anagusa moja kwa moja yale ambayo shule hizo zilitaka kuyafuta.

## Utambulisho

James Luna alifanya nini ndani ya kabati la kioo?

Luna, aliyezaliwa mwaka 1950 na kufariki mwaka 2018, alikuwa wa taifa la Payómkawichum, ambao wengi huwaita Waluiseño, na aliishi katika eneo la La Jolla, kusini mwa California. Mwaka 1987, katika jumba la makumbusho ya binadamu la San Diego, alijilaza juu ya mchanga ndani ya kabati la maonyesho akiwa amejifunga kitambaa kiunoni tu. Pembeni yake viliwekwa vibao vya maelezo kama vile vya makumbusho, lakini vilieleza makovu ya mwili wake, yakiwamo yaliyotokana na ulevi na ugomvi. Makabati mengine yalikuwa na vitu vyake: hati ya talaka, cheti cha chuo, picha, sahani za muziki, pamoja na vifaa vya ibada vinavyotumika kwao hadi leo.

Wageni walisogea, wakamjadili kwa sauti kana kwamba ni sanamu, kisha wakashtuka walipomwona anapumua. Kishindo cha kazi kipo katika mshtuko huo. Jumba lililozoea kuonyesha watu wake kama waliokwisha toweka lilipewa mtu mwenye cheti, talaka na makovu, na mtazamaji akajikuta yeye ndiye anayetazamwa.

Katika kazi nyingine, aliyoifanya New York mwaka 1991 na tena mwaka 2010 mbele ya kituo cha treni cha Union Station mjini Washington, katika siku ya kumuadhimisha Columbus, Luna aliwaalika wapita njia wapige picha na "Mhindi halisi". Walikuwa na hiari ya kumchagua akiwa na kitambaa cha kiunoni, mavazi ya ngoma, au nguo za kawaida za kila siku. Kila aliyejipanga foleni alilazimika kuamua ni Luna yupi aliye "halisi" kwake, na uamuzi huo ulionekana na wote.

Rebecca Belmore ni nani, na kwa nini anatajwa kila mara?

Belmore ni wa taifa la Waanishinaabe, jamii ya Lac Seul, Ontario, Canada, aliyezaliwa mwaka 1960. Ikiwa utamfuatilia msanii mmoja tu kati ya wote waliotajwa hapa, mimi ningekushauri umfuatilie yeye. Mwaka 1987, wakati wa ziara ya mtoto wa Malkia wa Uingereza na mkewe huko Thunder Bay, alijitokeza amevaa gauni la enzi ya Malkia Victoria ambalo nyuma lilibeba rundo la vijiti mithili ya bwawa la mnyama biva, yule ambaye biashara ya ngozi yake ndiyo iliyowaleta wafanyabiashara wa Kizungu hadi ndani ya nchi. Januari 1988 alikaa nje kwenye baridi kali akiwa na namba ya kumbukumbu kama kifaa cha makumbusho, akiwaunga mkono Wacree wa Lubicon. Wacree hao walikuwa wamegomea maonyesho ya vitu vya kale mjini Calgary yaliyofadhiliwa na kampuni ya Shell, wakati kampuni za mafuta zilikuwa zikichimba katika ardhi wanayoidai.

Mwaka 1991 alitengeneza kipaza sauti kikubwa cha mbao chenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Mwaka uliotangulia, Wamohawk wa Kanesatake walikuwa wamekabiliana na polisi na jeshi kwa siku 78 ili kuzuia uwanja wa gofu usipanuliwe hadi kwenye msitu na makaburi yao. Belmore alikizungusha kipaza sauti hicho katika jamii mbalimbali na kuwaalika watu waseme na ardhi, mama yao, kila mmoja kwa lugha yake. Mwangwi ulijibu. Mwaka 2005 akawa mwanamke wa kwanza wa asili kuiwakilisha Canada katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia.

## Jinsia

Kwa nini suala la jinsia linafungamanishwa na ukoloni?

Kwa sababu ukoloni ulitawala jinsia kwa sheria. Chini ya sheria ya Canada ya mwaka 1876 iitwayo Indian Act, mwanamke wa asili aliyeolewa na mwanamume asiye wa asili alipoteza hadhi yake ya kisheria ya kuwa mtu wa asili, na watoto wake pia. Mwanamume aliyeoa nje hakupoteza kitu, na mkewe wa Kizungu alipewa hadhi hiyo. Fikiria mama anayekatazwa kuzikwa kwao kwa sababu ya ndoa. Jeannette Corbiere Lavell alipinga sheria hiyo hadi mahakama ya juu na kushindwa mwaka 1973. Sandra Lovelace alipeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, ambako mwaka 1981 kamati ya haki za binadamu ilimpa haki. Sheria ilirekebishwa mwaka 1985.

Kazi ya Belmore ya mwaka 2002 kuhusu wanawake waliopotea ilikuwaje?

Inaitwa Vigil, yaani mkesha, na ilifanyika kwenye kona ya mtaa katika eneo la Downtown Eastside mjini Vancouver, ambako wanawake wengi, na wengi wao wa asili, walikuwa wametoweka. Belmore alipiga magoti akasugua lami, akawasha mishumaa. Majina ya wanawake yalikuwa yameandikwa kwenye mikono yake. Aliyaita moja baada ya jingine kwa sauti ya juu kabisa, na baada ya kila jina alipitisha shina la waridi katikati ya meno yake, akalichuna majani, maua na miiba.

Kisha alivaa gauni jekundu, akaligongomelea kwa misumari kwenye nguzo, na kuanza kujinasua. Gauni lilichanika kipande kwa kipande, na vitambaa vikabaki vikining'inia kwenye misumari. Aligongomelea tena na kuvuta tena, mpaka akabaki na nguo za ndani.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya kuita jina la mtu asiyeitika. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu wanawake na wasichana wa asili waliouawa na kutoweka ulikuja kuanza mwaka 2016, na ripoti yake ya Juni 2019 ikatoa miito 231 ya haki na kutumia neno mauaji ya kimbari. Msanii alikuwa kwenye kona ile miaka 14 kabla uchunguzi haujaanza.

"Roho mbili" maana yake nini?

Ni jina lililokubaliwa mwaka 1990, katika mkutano uliofanyika Manitoba, na watu wa asili ambao jinsia au mapenzi yao hayaingii katika mgawanyo wa kawaida wa mume na mke. Walilichagua ili waachane na neno la dharau ambalo Wazungu walikuwa wamewabandika, lenye asili ya kumaanisha mvulana mtumwa. Mataifa mengi yalikuwa na majina yao tangu zamani: Wanavajo husema nádleehí, Walakota winkte, Wazuni lhamana. We'wha, lhamana mashuhuri na mfumaji hodari wa Wazuni, alitembelea Washington mwaka 1886 na kukutana na Rais Grover Cleveland. Jina "roho mbili" halimhusu kila mtu duniani anayejiona hivyo. Ni la watu wa asili wa Amerika, nao huomba libaki lao.

Miss Chief na Buffalo Boy ni wahusika wa aina gani?

Miss Chief Eagle Testickle ni nafsi ya pili ya Kent Monkman, Mcree wa Fisher River aliyezaliwa mwaka 1965. Huvaa viatu virefu na manyoya, na jina lake lina mchezo wa maneno unaogusa utundu na majivuno. Mwaka 2004, kwenye jumba la sanaa la McMichael huko Ontario, alifika juu ya farasi na kuwageuza wanaume wa Kizungu kuwa vielelezo vyake, akiwachunguza na kuwachora kama vile mchoraji George Catlin wa karne ya 19 alivyowachora watu wa asili. Catlin aliwahi kuchora ngoma ya kumheshimu mtu wa roho mbili na kuandika kwamba angependa desturi hiyo itokomee. Miss Chief ni jibu kwa matamanio hayo.

Buffalo Boy ni wa Adrian Stimson wa taifa la Siksika, ambaye mwenyewe alipitia shule za bweni. Anavaa ngozi ya nyati pamoja na koseti, vazi la kike la kubana kiuno, na lulu, na jina lake linamsuta Buffalo Bill. Nyati waliochinjwa hadi karibu kuisha, na mtu aliyetakiwa aishe pamoja nao, wanarudi katika mwili mmoja.

Je, kuna vikundi vya wanawake?

Kipo Spiderwoman Theater cha New York, kilichoanzishwa mwaka 1976, ambacho nguzo zake zilikuwa dada watatu wa damu ya Wakuna na Warappahannock: Lisa Mayo, Gloria Miguel na Muriel Miguel. Njia yao ni kusuka hadithi: kila mmoja huleta masimulizi ya maisha yake, nayo hupishanishwa mpaka yawe kitu kimoja. Aliyewahi kumwona bibi akisuka ukili ataelewa mara moja.

## Maswali magumu

Je, kuonyesha machungu hivi si kuyauza upya?

Swali hili ni la haki, na wasanii wenyewe huliuliza. Kinachotofautisha ni nani anayeshika hatamu. Katika St. Louis mwaka 1904, aliyetazamwa hakuamua saa ya kuja wala ya kuondoka. Luna aliamua yote mawili, hata vibao aliviandika mwenyewe. Hata hivyo hatari haiishi, kwa kuwa majumba ya sanaa hulipa kwa hamu zaidi kwa ajili ya vilio kuliko kwa ajili ya furaha, na ndiyo sababu mojawapo ya kichekesho kuwa na nguvu katika kazi za Monkman na Stimson. Watazamaji wanaposita kucheka, mimi huwaambia wacheke, mradi wajue wanamcheka nani.

Ni lazima msanii awe mtu wa asili?

Mwaka 1992, miaka 500 baada ya Columbus, wasanii Coco Fusco na Guillermo Gómez-Peña walijifungia ndani ya kizimba, katika miji ya Marekani na Ulaya, wakijidai kuwa wanatoka kisiwa kisichojulikana. Watazamaji wengi waliamini. Hawakudai uraia wa taifa lolote lililopo, na kazi yao inaheshimiwa. Tatizo ni pale mtu anapodai taifa ambalo halimtambui. Mwaka 2017 wasanii na wanazuoni wa Kicherokee walitangaza hadharani kwamba Jimmie Durham, aliyekuwa amejulikana kwa miongo mingi kama msanii wa Kicherokee, hakuwa wa taifa lolote kati ya mataifa matatu ya Wacherokee. Kama mwili ndio kielelezo, basi lazima ukweli wake uweze kuulizwa, na wenye kujibu ni taifa husika.

Afrika Mashariki inahusikaje?

Mbali na habari ya Ota Benga, mfanano upo katika vitu vilivyochukuliwa. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa bonde la mto Tana, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902 na tangu mwaka 1908 imo katika makumbusho ya Uingereza mjini London, ikiwa stoo. Pia upo katika beni ya pwani, ambamo vijana walivaa magwanda na kujipa vyeo vya jeshi la wakoloni, na katika lelemama, ambako wanawake walipata uongozi na sauti. Bibi Titi Mohamed alitoka katika vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam kabla ya kuwavuta wanawake kujiunga na TANU. Hata hivyo beni ni ngoma ya mashindano ya vikundi, na haipasi kuitwa sanaa ya tendo ili tu tuonekane nasi tunayo.

Kazi ikishakwisha, nani ana haki ya kuirudia?

Kwa kawaida kinachobaki ni picha, video na vifaa, na hivyo ndivyo makumbusho hununua. Tendo lenyewe hubaki la msanii. Mwaka 2008, Erica Lord, msanii mwenye asili ya Waathabaskani na Wainupiat wa Alaska, alijilaza katika kabati la maonyesho mjini New York, katika jumba la makumbusho ya kitaifa ya watu wa asili, kurudia kazi ya Luna. Safari hii mwili ulikuwa wa mwanamke mwenye damu mchanganyiko, na jumba lilikuwa lile la watu wa asili. Maswali ambayo watazamaji waliuliza mbele ya kioo hayakuwa yale ya mwaka 1987.